Waliouliza bei wakaondoka: uchambuzi wa kisa cha kichaa cha mbwa katika hospitali ya wilaya

Mtoto wa darasa la pili alifariki kwa kichaa cha mbwa katika hospitali moja ya wilaya, Tanzania Bara. Majina, mwaka na mahali vimeondolewa, na mambo machache ya familia yamebadilishwa ili wasitambulike. Wakati huo nilikuwa nasimamia wodi ya watoto. Nawaandikia hasa matabibu, wauguzi na wafamasia wa ngazi ya wilaya. Vikao vyetu vya vifo vimezoea kuuliza mgonjwa alifanyiwa nini baada ya kulazwa, na katika kisa hiki, mtoto alipolazwa nafasi ya kumwokoa ilikuwa imeshapita.

Mazingira

Hospitali inahudumia vijiji vingi vya wakulima na wafugaji. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa inahifadhiwa kwenye jokofu la famasia na kulipiwa na mgonjwa mwenyewe, dozi kwa dozi. Zahanati hazikuwa nayo. Aliyeumwa na mbwa kijijini alioshwa kidonda zahanati, akachomwa sindano ya pepopunda, akaandikiwa rufaa kwenye kipande cha karatasi, kisha akatafuta nauli ya bodaboda.

Mtoto wa chini ya miaka mitano husamehewa gharama katika hospitali za serikali. Huyu alikuwa ameshavuka umri huo, na familia haikuwa na bima.

Kwa wasioushughulikia mara kwa mara: virusi vya ugonjwa huu huingia kwa mate ya mnyama kupitia jeraha, vikapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, lakini inaweza kuwa ya wiki moja au kufika mwaka. Jeraha likiwa karibu na kichwa, au mahali penye mishipa mingi ya fahamu kama vidoleni, muda hufupika. Ndani ya muda huo chanjo inafanya kazi vizuri sana. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Binadamu tumekuwa na chanjo ya ugonjwa huu tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mvulana aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa, na bado makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo 59,000 hivi kila mwaka duniani, karibu vyote vikitokana na mbwa.

Kilichotokea

Mtoto alikuwa anatoka shule na wenzake. Mbwa asiyejulikana mwenyewe alimrukia, akamng'ata mkono wa kulia, kiganjani na juu kidogo ya kifundo. Siku hiyohiyo mbwa huyo aliuma watu wengine na mbuzi kabla vijana hawajamuua na kumtupa korongoni. Hakuna aliyemjulisha afisa mifugo, kwa hiyo kichwa cha mbwa hakikupelekwa kupimwa.

Zahanati walimwosha kwa maji kidogo na spiriti, wakashona nyuzi mbili, wakampa antibiotiki na sindano ya pepopunda, wakaandika rufaa. Kesho yake asubuhi baba alimpakia mtoto kwenye bodaboda, wakafika hospitali.

Kituo kilichoamua mengine yote kilikuwa dirisha la dawa. Baba aliuliza bei. Mhudumu alimtajia bei ya dozi moja, kisha akamweleza jambo ambalo ni kweli na ambalo sote tunafundishwa kulisema: dozi ni tano, na lazima zimalizwe. Baba akajumlisha. Jumla ilizidi bei ya mbuzi mmoja sokoni kwao. Pesa mfukoni zilitosha dozi moja na nauli ya kurudi. Akaona kununua moja ambayo haitakamilika ni kutupa pesa, heri arudi nyumbani akauze kitu aje kuanza zote kwa pamoja. Akashukuru, akaondoka. Hakuonana na daktari, na hakuna rejista iliyoandikwa jina lake siku hiyo.

Nyumbani mnunuzi wa mbuzi alichelewa. Kidonda kikafunga vizuri. Mtoto akarudi shule, akacheza, na mambo mengine yenye haraka zaidi yakatangulia.

Wiki ya sita hivi, mtoto alianza kulalamika kwamba kovu linamwasha na mkono unamchonyota. Likafuata homa na kukosa usingizi. Alipewa dawa ya malaria kutoka duka la dawa. Siku ya tatu ya homa alishindwa kunywa uji, kila akijaribu koo linambana. Bibi yake alimpeleka kwa mganga wa kienyeji usiku mmoja. Jioni iliyofuata waliletwa hospitali.

Aliyempokea alikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, intani wetu mwenye utulivu kuliko wote wa mwaka ule. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Mtoto alikuwa na akili timamu, anajibu maswali, kisha ghafla anashtuka na kuhangaika, halafu anatulia tena. Mama akasema, "Daktari, mwanangu anaogopa maji." Intani akaomba kikombe. Mtoto alikitaka, maana alikuwa na kiu kali, lakini kilipokaribia mdomo shingo na koo vikakaza, akakisukuma huku akilia. Intani akampepea usoni kwa jalada la faili, mkazo uleule ukatokea. Akamgeukia bibi: "Shikamoo bibi. Huyu mtoto amewahi kuumwa na mbwa?" "Marahaba, baba. Aliumwa, lakini kile kidonda kilishapona."

Maamuzi na sababu zake

*Utambuzi.* Tuliamua kwa dalili peke yake, kwa sababu hatukuwa na kipimo. Ugonjwa uliotusumbua kuutofautisha ulikuwa pepopunda. Mgonjwa wa pepopunda hukaza taya, na misuli yake haitulii kabisa katikati ya mikazo. Huyu taya lilifunguka bila shida, na kati ya mikazo alikuwa mtoto wa kawaida mwenye hofu. Malaria kali ya ubongo ingemwondolea fahamu. Historia ya kuumwa, kovu linalowasha, hofu ya maji na ya upepo vilitosha.

*Kumpa rufaa au la.* Huu ulikuwa mjadala mkali. Intani alikuwa amesoma kuhusu msichana wa Wisconsin, Marekani, aliyepona mwaka 2004 baada ya madaktari kumlaza usingizi mzito kwa dawa. Alitaka tumpeleke hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi wajaribu hivyo. Sikumlaumu, kijana wa mwaka wa kwanza kazini anayekubali haraka kwamba hakuna la kufanya angenitia wasiwasi zaidi. Lakini njia ile ilijaribiwa tena katika nchi mbalimbali na karibu wagonjwa wote wakafa. Tulilinganisha tumaini hilo na saa nyingi za barabara ya vumbi ndani ya gari la wagonjwa, upepo na kelele, kila kimoja kikimletea mtoto mkazo, na familia ikabaki mbali na ndugu zake na gharama za kurudisha mwili. Tukaamua abaki. Wazazi walielezwa pande zote mbili kabla ya uamuzi, wakakubali.

*Kupunguza mateso.* Alipewa chumba cha pembeni, mapazia yakafungwa, feni ikazimwa, mlango ukawekewa kitambaa usigonge. Alitundikiwa dripu ili kiu isimlazimishe kunywa. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kulegeza misuli, ilipitishwa kwenye mshipa kwa saa zilizopangwa, bila kusubiri mkazo uanze, na morfini ya sindano ikaongezwa, pamoja na haloperidoli alipochanganyikiwa. Ndugu mmoja alipendekeza tumfunge kwa kanga asijiumize. Tulikataa. Mtoto akihangaika tafsiri yake ni kwamba dawa hazitoshi, na tiba ni kuongeza dawa. Baadhi ya wauguzi waliogopa morfini kwa mtoto, wakidhani itaharakisha kifo, na muuguzi mkuu alilazimika kukaa nao usiku wa kwanza na kuandaa dozi mbele yao. Wazazi waliruhusiwa kumshika mkono wakiwa na glovu.

*Kuwaambia wazazi.* Tulikaa na baba, mama na bibi kwenye chumba cha muuguzi mkuu, chai ikaletwa. Niliwaambia kwamba ugonjwa ukifika hapo hauna tiba, na kwamba kazi yetu sasa ni kuhakikisha hateseki. Bibi alilia. Baba aliuliza swali moja: angeleta pesa wiki ile, mtoto angepona? Wenzangu wawili walinitazama, wakitaka niseme hatujui. Nilimjibu kwamba chanjo ingempa nafasi kubwa sana, na kwamba yeye alimleta mtoto kesho yake tu, mfumo wa malipo ndio uliomrudisha. Baadaye mmoja wa wenzangu aliniambia nimeifungulia hospitali mlango wa mashtaka. Mimi naona mzazi anayebebeshwa lawama ya uongo huibeba maisha yote, na kijiji kizima hujifunza kwake somo lisilo sahihi, kwamba kosa lilikuwa uzembe wa baba.

*Orodha.* Asubuhi ya pili mganga mfawidhi aliuliza swali ambalo wodini tulikuwa hatujaliuliza: nani mwingine? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa mifugo walipanda pikipiki hadi kijijini wakiwa na daftari. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha watu. Walipatikana sita walioguswa na mbwa yule au na mbuzi aliyeumwa. Mmoja tu alikuwa amemaliza chanjo. Mwingine alichoma dozi moja akaacha. Wanne hawakuwa na chochote, akiwemo mzee aliyemchinja mbuzi yule alipoanza kutoa mate na kuhangaika, akiwa na mkato kwenye kidole.

Wengine walijiuliza kama kuna maana ya kuwachanja baada ya wiki zote hizo. Jibu ni ndiyo. Maadamu mtu hana dalili, chanjo ianze hata kama miezi imepita, kwa kuwa hakuna ajuaye virusi vimefika wapi. Kinga ya haraka inayochomwa ndani na pembeni ya jeraha, ile iitwayo imyunoglobulini, hatukuwa nayo, na vidonda vilishafunga.

Tatizo likawa vichupa. Vilivyokuwepo havikuwatosha watu watano kwa utaratibu wetu wa kuchoma msulini, kichupa kizima kwa kila sindano. Mfamasia ndiye aliyekumbusha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 wa kuchoma ndani ya ngozi: mililita 0.1 sehemu mbili za mwili, siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na ya 7. Kwa njia hiyo mtu mmoja hutumia mililita 0.2 kwa siku, na kichupa kilichofunguliwa kinaweza kugawanywa kwa watu kadhaa kikihifadhiwa kwenye ubaridi na kumalizwa ndani ya saa chache. Sharti ni moja, watu waje siku moja. Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji aligeuka kuwa mtu muhimu kuliko daktari: aliwapakia wote kwenye gari moja siku zote tatu. Mganga mkuu wa wilaya alikubali gharama zibebwe na halmashauri.

Matokeo

Mtoto alifariki alfajiri ya siku ya tatu, amelala, mama yake akiwa pembeni. Mikazo ilikuwa imepungua sana tangu usiku wa kwanza. Familia iliruhusiwa kumwosha wakiwa na glovu na kumzika kwa taratibu za dini yao. Kulikuwa na uvumi kwamba maiti itazikwa na serikali, na tulituma mtu mapema kuuzima.

Watu watano walimaliza chanjo. Zaidi ya mwaka baadaye mhudumu wa jamii aliwapitia, wote walikuwa wazima.

Watumishi wawili walichanjwa: muuguzi aliyerukiwa na mate jichoni na intani aliyekuwa na mchubuko mkononi. Wengine wengi waliomba pia, hadi wa idara ambazo hazikumkaribia mtoto. Kila mmoja aliulizwa peke yake: mate yaligusa jicho, mdomo au ngozi iliyochubuka? Kumgusa mgonjwa kwa ngozi isiyo na jeraha hakuambukizi. Waliokataliwa hawakufurahi, lakini walioelezwa kwa kirefu walielewa.

Uchambuzi

Nianze na zahanati, kwa sababu kikaoni ndiko lawama zilikoelekezwa. Walitoa rufaa siku hiyohiyo, na hilo wengi hawafanyi. Waliteleza kwenye mambo mawili ya ufundi. La kwanza ni kuosha. Jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na sabuni ya kufulia inatosha, kwani huharibu utando wa nje wa virusi. Zahanati ile ilikuwa inanunua maji kwa ndoo, na dakika 15 za maji yanayotiririka ni ndoo kadhaa. La pili ni kushona. Jeraha la kuumwa na mbwa huachwa wazi kila inapowezekana, maana sindano ya kushonea husukuma mate ndani zaidi. Lakini kidonda kinachotoa damu kwenye kiganja cha mtoto anayelia kinamsukuma mhudumu yeyote kushona, na mafunzo yetu ya mara moja kwa miaka kadhaa hayashindani na msukumo huo.

Dirisha la dawa linahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Mhudumu hakumfukuza mtu na hakudanganya. Alisema sentensi sahihi kwa mtu aliyekuwa anapiga hesabu, na ikamwondoa. Tungelikuwa na mazoea ya kusema "anza na hii leo, ya pili ni baada ya siku tatu, tutaitafuta pamoja," baba angenunua dozi ile moja, maana pesa yake alikuwa nayo mkononi. Pia angekuwa na kadi, jina lingeingia kwenye rejista, na kukosekana kwake siku ya tatu kungeonekana. Kuna ofisi ya ustawi wa jamii mita chache kutoka dirisha hilo, yenye mamlaka ya kupendekeza msamaha wa gharama. Hakuna aliyemwelekeza huko, kwa kuwa kwa taratibu zetu anayepelekwa ustawi wa jamii ni mgonjwa aliyeshaandikishwa, na baba huyu hakuwa mgonjwa bado. Alikuwa mteja aliyeuliza bei.

Naona hapa ndipo hospitali nyingi zina upofu wa aina moja. Takwimu zetu zinahesabu walioingia. Tunajua ni watu wangapi walianza chanjo na wangapi walimaliza, hatujui wangapi waliuliza bei wakaondoka. Baada ya kisa hiki tuliweka daftari la kawaida la shule pale dirishani: jina, kijiji, simu, tarehe ya kuumwa. Linajazwa kabla bei haijatajwa. Wahudumu walilalamika kwamba ni kazi ya ziada, na siku za foleni ndefu kurasa huonekana nyeupe kupita kiasi.

Ufuatiliaji wa kijijini ulifanikiwa, nami sioni aibu kusema ndicho kitendo cha kitabibu chenye faida kubwa kuliko vyote tulivyofanya wiki ile, ingawa kilifanywa na watu wasiovaa koti jeupe. Kilichelewa wiki sita. Angekuwepo aliyempigia simu afisa mifugo siku mbwa alipouawa, orodha hiyohiyo ingetengenezwa wakati jina la mtoto bado lingeweza kuwa ndani yake. Idara ya afya na ya mifugo wako chini ya mkurugenzi mmoja wa halmashauri, na bado afisa mifugo alikuwa hana hata namba ya simu ya wodi.

Mbele ya hayo yote kuna mbwa wenyewe. Kanuni inayofuatwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kila mwaka, na maambukizi hukatika. Hilo limefanyika nchini mwetu: Pemba ugonjwa uliondolewa kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukaondolewa tena. Bara hakuna bahari ya kuzuia mbwa wa wilaya jirani, kwa hiyo kampeni ya wilaya moja peke yake ina kikomo. Ile iliyoendeshwa kwetu baada ya kifo hiki ilifika vijiji vichache tu, na wafugaji wengi walituma watoto waje na mbwa wasiowatii hata wao, wakiwavuta kwa kamba za katani. Yeyote anayepanga kampeni kama hiyo aweke bajeti ya kamba na minyororo.

Kuhusu sisi watumishi, tulifanya jambo moja zuri na kuharibu jingine. Muuguzi mkuu alibadilisha ratiba ili mtu asikae chumba kile zaidi ya saa chache mfululizo, na yeye mwenyewe alichukua saa za usiku wa manane. Wauguzi waliniambia baadaye kwamba hilo liliwasaidia kuliko maneno yoyote. Kikao cha baada ya kifo ndicho kilichoharibika. Kiliitwa kikao cha kujifunza, kikaendeshwa kama shauri: fulani alifanya nini, kwa nini hakufanya hiki. Mhudumu wa zahanati aliitwa, akasimama mbele ya watu ishirini kujieleza kuhusu nyuzi mbili. Intani, aliyekaa na mtoto muda mrefu kuliko daktari yeyote, hakuulizwa kitu zaidi ya saa za dozi. Wiki chache baadaye aliomba ahamishwe zamu za watoto. Nilipomwita tukae nje chini ya mwembe, alieleza kwamba halali vizuri na kwamba akiona mtu anapepewa moyo unamwenda mbio. Tulimpumzisha zamu za usiku kwa mwezi, akapewa nafasi ya kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ya mkoa kwa simu. Alirudi wodini, ila hadi anamaliza mafunzo alikuwa hapendi kupokea watoto wenye homa peke yake.

Ningependekeza vikao viwili vitenganishwe, cha kuchunguza na cha kukaa na walioumia, na hiki cha pili kisiwe na mwenyekiti wala kumbukumbu za maandishi. Tumejaribu mara chache. Wahudhuriaji huwa wachache, wanaume hasa hawaji, na sijapata dawa ya hilo.

Utaratibu wa kuanza dozi ya kwanza kabla ya malipo unaendelea, mhasibu akiupinga kila robo ya mwaka. Ana hoja: madeni yanayobaki hayalipwi yote, na fedha za kununulia chanjo zinatoka kwenye mauzo yaleyale. Deni likikua sana jokofu litabaki tupu, na mwenye pesa na asiye nazo wote watarudi bila sindano. Hoja ya mfamasia ni kwamba kwa kuchoma ndani ya ngozi kichupa kilichokuwa kinamtosha mtu mmoja kinahudumia wawili au zaidi, na akiba hiyo inaziba sehemu ya madeni, ili mradi wagonjwa wapangwe siku moja ya wiki. Jambo hilo haliwezekani kwa aliyeumwa leo, ambaye hatakiwi kusubiri. Kwa sasa wanaoanza hupewa dozi siku wanayofika, zinazofuata hujitahidiwa kupangwa pamoja, na pengo la fedha linalobaki hupelekwa kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri, ambako mwaka jana lilikubaliwa kwa sehemu.